Moshi ni wa Nani?

Mtu akichoma nyumba ya jirani yake, kosa hujulikana upesi. Mwenye kiberiti yupo, mwenye nyumba yupo, na hasara yahesabika. Lakini moshi je? Ukiisha kupanda juu ya paa, nani ataufuata aulize jina la mwenyewe? Waenda na upepo, wachanganyika na moshi wa wengine, mwisho hauonekani tena. Kwa hiyo wengi wamezoea kufikiri kwamba moshi hauna mwenyewe, na kisicho na mwenyewe hakina kosa.

Wasomaji wapenzi, safari hii twataka kulichunguza wazo hilo kwa akili na kwa imani. Maana wenye elimu ya hewa na ya bahari wametuonyesha kwamba moshi haupotei. Unakaa mahali, unafanya kazi, na kazi yake yawarudia watu. Basi kosa lake ni la nani? La tajiri mwenye kiwanda? La mama anayepika sombe juu ya babula hapa Nyakasanza? La wote pamoja? Au si la mtu?

Swali hili si mchezo wa maneno. Tukikosea upande mmoja, tutawatwisha maskini mzigo usio wao. Tukikosea upande wa pili, tutanawa mikono kama Pilato, na watu wataendelea kufa.

Mambo yaliyochunguzwa

Kwanza tuyajue mambo yenyewe, kwa sababu anayehukumu bila kujua hudhulumu.

Kila kitu kiunguacho, kama kuni, makala, petroli au makaa ya mawe, hutoa vitu viwili. Cha kwanza ni hewa ya ukaa, isiyo na rangi wala harufu. Cha pili ni moshi tunaouona kwa macho, yaani chembe ndogo sana za masizi na vitu vingine. Hao ni ndugu wa baba mmoja, lakini tabia zao ni mbalimbali. Chembe za moshi hukaa hewani siku chache au majuma machache, kisha mvua huzishusha. Hewa ya ukaa yaweza kukaa miaka mamia, nayo huifunika dunia kama blanketi, hata joto lisitoke kama lilivyotoka zamani.

Mwaka wa 1958 Mmarekani mmoja, Charles David Keeling, alianza kuipima hewa hiyo juu ya mlima Mauna Loa, katika visiwa vya Hawaii. Wakati ule, katika kila sehemu milioni moja za hewa alikuta sehemu 315 hivi za hewa ya ukaa. Kazi yake yaendelea mpaka leo, na mwaka wa 2024 kipimo kilipita 420.

Na joto lililozidi limekwenda wapi? Zaidi ya sehemu 90 katika kila 100 zimemezwa na bahari. Tena bahari hunywa karibu robo ya hewa ya ukaa inayotolewa na wanadamu, na maji yake yanazidi kuwa machachu kidogo kidogo. Bahari imeubeba mzigo huo kimya, hata watu wakadhani hakuna mzigo. Sasa dalili zaonekana. Mwaka wa 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto kupita kiasi, na matumbawe mengi ya pwani ya Kenya na Tanzania yakafa. Matumbawe ni nyumba ya samaki. Yakifa, mvuvi hurudi na wavu mtupu. Kule Unguja wanawake wamekuwa wakilima mwani baharini tangu mwaka wa 1989 wapate kusomesha watoto. Mwani wenye bei nzuri zaidi, uitwao kotonii, umeshindwa kustawi mahali pengi, kwa kuwa maji ya pwani yamekuwa ya moto mno kwake.

Mtu wa Bunia atasema: “Kutoka hapa mpaka Bahari ya Hindi ni zaidi ya kilometa 1,000. Bahari yatuhusu nini?” Tumjibu kwa kumwonyesha njia ya maji. Mvua nyingi za Afrika ya Mashariki huzaliwa katika Bahari ya Hindi. Mwishoni mwa mwaka wa 2019 upande wa magharibi wa bahari hiyo, yaani upande wetu, ulikuwa na joto kuliko kawaida, na upande wa mashariki ulikuwa baridi. Mvua zikanyesha bila kiasi. Ziwa Viktoria likajaa, na mwezi wa Mei 2020 likapita hata kipimo cha mwaka wa 1964, ambacho wazee walikuwa wakikihadithia. Maji ya Viktoria hutoka Jinja, hufuata Mto Nili, na kuingia katika Ziwa Albert. Ziwa Albert nalo likapanda, likaingia katika nyumba za wavuvi, upande wa Uganda na upande wa Kongo. Waliotelemka kwa njia ya Bogoro mpaka Kasenyi siku zile waliyaona maji mahali palipokuwa pa kukaa watu.

Tusisahau kwamba Kanisa letu lenyewe lilibatizwa kwa jina la ziwa hilo. Tangu mwaka wa 1922 lilijulikana kwa jina la Ziwa Albert, mpaka mwaka wa 1959 lilipofanywa Jimbo la Bunia. Sisi ni watu wa ziwa, na ziwa ni mtoto wa mvua, na mvua ni mtoto wa bahari.

Hata hivyo tuseme kweli yote. Mvua kama ile ilinyesha pia mwaka wa 1961, maziwa yakapanda, na bandari ya Butiaba, ng'ambo ya ziwa letu, ikaharibika. Siku zile blanketi la hewa lilikuwa bado jembamba. Kwa hiyo si haki kusema kwamba kila gharika yatoka katika moshi. Wenye elimu husema neno la kiasi zaidi: hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi zaidi, na bahari yenye joto huzitia nguvu mvua ambazo zingekuwapo hata hivyo. Mwenye kutetea kweli asiongeze chumvi, maana siku chumvi itakapogunduliwa, kweli nayo itatupwa.

Ushahidi mwingine watoka katika Ziwa Tanganyika, lililo refu kwenda chini mita 1,470. Chakula cha samaki hutoka chini, wakati upepo unapoyachanganya maji. Maji ya juu yakipata joto huwa mepesi, hulala juu ya yale ya chini kama mafuta juu ya mchuzi, na chakula hakipandi. Mwaka wa 2003 wachunguzi walitangaza kwamba jambo hilo limekwisha kuanza. Mwaka wa 2010 wengine walionyesha kwamba maji ya juu ya ziwa hilo yana joto kuliko wakati wo wote katika miaka 1,500. Watu wa Kalemie na Uvira waliokuwa wakilaumu nyavu za jirani kwa kupungua kwa ndagala wana sababu, lakini si sababu yote.

Sasa tumwangalie yule ndugu wa pili, moshi unaoonekana. Katika nchi yetu ya Kongo zaidi ya watu 9 katika kila 10 hupika kwa kuni au makala. Shirika la Afya la Ulimwengu limehesabu kwamba mwaka wa 2020 moshi wa nyumbani uliua watu kama milioni 3.2 duniani, na kati yao watoto zaidi ya 237,000 wasiofika miaka mitano. Hao hawakufa kwa vita. Walikufa kwa moshi, karibu na chungu cha chakula chao.

Wala moshi wetu haubaki kwetu. Kila wakati wa kiangazi nyika huchomwa moto katika kusini ya Kongo, Angola na Zambia, na upepo huupeleka moshi mpaka juu ya Bahari ya Atlantiki. Tangu mwaka wa 2016 mpaka 2018 wachunguzi wa Marekani waliufuata kwa ndege, wakitoka Namibia na São Tomé, wakaukuta juu ya mawingu ya bahari. Kumbe moshi waweza kufuatwa, na jina la kwao likajulikana.

Mizani ya katekisimu

Watoto wetu wa Komunyo ya Kwanza wanajua kwamba dhambi kubwa yahitaji mambo matatu: jambo lenyewe liwe zito, akili ilijue, na moyo ulikubali kwa hiari. Tuutie moshi katika mizani hiyo.

Je, jambo ni zito? Ndiyo, kwani uhai wa watu umo ndani yake. Hapo wengine hujitetea: “Moshi wangu ni tone tu. Bila tone langu bahari ingepata joto vilevile.” Walimu wa zamani wa maadili walikwisha kujibu neno hilo. Tufikiri kwamba ghala ya parokia ina mchele wa yatima, na watu elfu wanapita, kila mmoja akichukua konzi moja. Konzi moja haiui yatima. Lakini jioni ghala ni tupu, na yatima wamelala njaa. Je, hakuna mwizi? Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukimaliza. Udogo wa konzi wapunguza kosa la kila mmoja. Lakini haulifuti, hasa kwake yeye ajuaye kwamba wengine elfu wanachukua pia. Na mwenye kuja na gunia asijifiche nyuma ya mwenye kuja na konzi.

Je, watu walijua? Hapa twatofautisha ujinga usioshindika na ujinga unaoshindika. Mchimba makaa ya mawe wa Uingereza wa mwaka 1850 hakujua kitu. Hana kosa kwa jambo hilo. Mwaka wa 1896 Svante Arrhenius, mwalimu wa Sweden, alihesabu kwamba hewa ya ukaa ikizidi, dunia itapata joto. Lakini wachache walimsikiliza. Baada ya vipimo vya Keeling ilikuwa vigumu kutojua. Mwaka wa 1988 mataifa yaliunda baraza la wenye elimu kwa kazi hiyo, na mwaka wa 1992 wakubwa wa dunia walitia sahihi mapatano huko Rio de Janeiro. Tangu siku ile mkubwa asiyejua ni mkubwa aliyekataa kujua. Naye Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake Laudato si' ya mwaka 2015, alifundisha kwamba hali ya hewa ni mali ya watu wote. Katika Laudate Deum ya mwaka 2023 alisema kwamba haiwezekani tena kuwa na shaka juu ya kazi ya mwanadamu katika jambo hili.

Je, watu wana hiari? Hapa mizani yainama sana. Mtu wa Marekani, akihesabiwa kwa wastani, hutoa kila mwaka tani 14 hivi za hewa ya ukaa kwa mafuta, gesi na makaa ya mawe. Mtu wa Kongo hafikii hata sehemu ya kumi ya tani moja. Mmoja aweza kuchagua. Mwingine hana la kuchagua. Mama aliyekimbia vita vya Ituri, aliyekuja Bunia na watoto wake na sufuria moja, akinunua makala ya jioni, amechagua nini? Umeme hana, gesi hana, na mtoto analia njaa. Mtakatifu Thoma wa Akwino alifundisha kwamba mtu aliye katika hatari ya kufa, akitwaa kinachomtosha kuishi, si mwizi. Basi tusithubutu kumtisha mama huyo kwa Amri za Mungu kwa sababu ya babula yake. Mwalimu wa dini akifanya hivyo, anafanya kazi ya Mafarisayo, waliowafungia wengine mizigo ambayo wao wenyewe hawakuigusa kwa kidole.

Bali kwa wale waliojua na waliokuwa na hiari, Amri ya Saba yafundisha jambo lisilopendwa: aliyechukua cha mwenzake hatoshelezi kwa kutubu tu, sharti arudishe. Mwaka wa 2022, huko Sharm el-Sheikh katika Misri, mataifa yalikubaliana kuanzisha mfuko wa kusaidia nchi zilizoumizwa na mabadiliko hayo. Tusiuite sadaka. Ni mwanzo wa kurudisha. Na mali hiyo ikifika kwetu, ikiishia katika mifuko ya wakubwa wa kwetu, maskini atakuwa ameibiwa mara mbili.

Kosa na wajibu

Je, tumemaliza? Twaweza kusema: “Kosa ni la matajiri, sisi turudi kulala”? La, sivyo. Maana kosa ni neno moja na wajibu ni neno lingine.

Katika mfano wa Bwana wetu, Msamaria hakumpiga yule mtu wa njiani. Hakuwa mnyang'anyi, wala hakuwa rafiki ya wanyang'anyi. Kosa hakuwa nalo hata kidogo. Lakini alipomwona, wajibu ukawa wake. Kuhani na Mlawi nao hawakumpiga mtu, na ndiyo sababu walipita wakiwa na amani moyoni. Amani hiyo ndiyo iliyowahukumu. Kosa huuliza: nani alifanya? Wajibu huuliza: nani yupo karibu, naye ameona? Basi moshi una wenyewe wawili. Kwa kosa, ni wa waliojua na waliokuwa na hiari. Kwa wajibu, ni wa kila mtu aliye karibu nao, naye amekwisha kuona.

Na sisi tu karibu. Nchi yetu, kwa kukata na kuchoma, ilipoteza karibu hekta 500,000 za msitu wa asili katika mwaka wa 2020 peke yake. Tena chini ya Ziwa Albert kuna mafuta. Upande wa Uganda kazi za Tilenga na Kingfisher zimeanzishwa, pamoja na bomba lililopangwa kwenda kilometa 1,443, toka Hoima mpaka Chongoleani karibu na Tanga, kando ya Bahari ya Hindi. Wataka wengine upande wetu nao uchimbwe. Siku hiyo ikija, hatutaweza tena kusema kwamba hatukuwa na hiari.

Fundo moja gumu

Kuna fundo tusilopaswa kuliruka. Mwaka wa 1999 wachunguzi wa mataifa mengi walikutana katika visiwa vya Maldives kuchunguza ukungu mchafu unaofunika kaskazini ya Bahari ya Hindi. Kati ya viongozi wao alikuwa Veerabhadran Ramanathan, ambaye tangu mwaka wa 2004 ni mmoja wa Akademia ya Sayansi ya Baba Mtakatifu. Walionyesha kwamba ukungu ule, pamoja na kuwadhuru watu, huzuia sehemu ya mwanga wa jua usifike baharini. Tena tangu tarehe 1 Januari 2020 meli zimekatazwa kuchoma mafuta yenye salfa nyingi. Hewa ya pwani na bandari imekuwa safi zaidi. Lakini mawingu yaliyokuwa yakirudisha jua yamepungua juu ya njia za meli, na joto kidogo zaidi laingia baharini. Ni kiasi gani, wenye elimu bado wanajadiliana.

Basi mtu mwerevu atasema: “Tuache moshi mchafu, ili utukinge na jua!” Tumjibu kwa fundisho la Mtume Paulo: haifai kutenda mabaya ili yapatikane mema. Hatuwezi kuyanunua maji baridi kwa mapafu ya watoto. Na hata kwa akili ya kawaida, mganga afichaye homa kwa kumfunika mgonjwa hajamponya. Ndugu wale wawili walizaliwa na moto mmoja. Sharti waondolewe wote wawili.

Tufanye nini?

Baba wa nyumba aanze. Mara nyingi mama ndiye avutaye moshi, na baba ndiye ashikaye franka. Babula iliyotengenezwa vizuri kwa udongo, ishikayo joto, hula makala machache kuliko ile ya bati tupu. Baba apataye fedha ya pombe kila Jumamosi, akakosa fedha ya babula, hana udhuru wa umaskini. Jiko lihamishwe nje au litobolewe dirisha; kuni zikaushwe; mtoto mchanga asifungwe mgongoni mwa mama anayepuliza moto. Mambo haya si makubwa, lakini uhai wa mtoto umo ndani yake.

Takataka za plastiki zisichomwe uani. Anayelima asichome nyika kwa kuzoea tu. Mwenye kukata mti apande mingine, na shule na parokia zitangulie. Mwenye magari, mashine na biashara ya mbao ajue kwamba yeye si maskini katika shauri hili, hata akiishi Bunia. Kwake gunia lipo.

Tena tuseme. Walio wakubwa wakizungumza juu ya misitu na mafuta ya ziwa, raia Mkristu aulize: nani atapata, nani atavuta moshi, nani atarudishiwa? Kuuliza hivyo si siasa ya fujo, ni Amri ya Tano na ya Saba.

Mwisho, kila mmoja anapotafuta dhambi zake kabla ya kitubio, aongeze swali moja: “Ni madhara gani niliyoyaona, nikapita upande wa pili wa njia kwa sababu si mimi niliyeyafanya?” Wengi wetu tutakuta kwamba hatujaua wala hatujaiba. Lakini tutakuta pia watu ambao tuliwaona wamelala njiani, jikoni mwetu, kando ya ziwa letu na mbali kule pwani, nasi tukaendelea na safari. Tuombe neema ya kusimama.